Msimbo Waliondoka Nao, Jina Likabaki

Tarehe 28 Septemba 2010, watu waliokuwa wakitengeneza OpenOffice.org, programu ya bure ya kuandikia na kupigia mahesabu, wengine kwa mshahara na wengine kwa kujitolea, walitangaza kwamba wanaanzisha taasisi yao wenyewe, The Document Foundation. Programu wangeendelea nayo, maana leseni yake iliwaruhusu kuuchukua msimbo wote, yaani maandishi ya wahandisi yanayounda programu, na kusonga mbele. Kitu kimoja hawakuweza kukichukua: jina. Jina lilikuwa mali ya kampuni ya Oracle. Wakaipa programu yao jina la LibreOffice, wakasema ni la muda tu, wakaialika Oracle ijiunge nao na iwakabidhi lile la zamani. Oracle haikuwakabidhi. Hilo jina la muda ndilo tunalolitumia hadi leo.

Kazi yangu ni kufunga na kutunza kompyuta za shule na ofisi ndogo hapa Morogoro, na mashine nyingi zinazopita mikononi mwangu zina mojawapo ya programu hizi mbili. Ndiyo maana habari hii nimeifuatilia muda mrefu, na imenipa msimamo ambao nautaja mapema: pesa ya kampuni inaweza kujenga programu huria, ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, vizuri sana, ila jina la programu hiyo lisikae kwenye mfuko uleule unaotoa pesa.

Mfadhili wa kwanza alikuwa mwema, na hilo lazima lisemwe. Kabla ya OpenOffice kulikuwa na StarOffice, kazi ya kampuni ya Kijerumani ya Star Division iliyoanzishwa na Marco Börries akiwa bado kijana mdogo, katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1999 Sun Microsystems ya Marekani iliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 73.5. Simon Phipps, aliyekuja kusimamia mambo ya programu huria pale Sun, alieleza baadaye kwamba Sun ilikuwa na wafanyakazi wapatao 42,000, na kuinunua kampuni nzima kulikuwa nafuu kuliko kuwalipia wote leseni za Microsoft. Nayathamini sana maelezo hayo kwa sababu hayajapakwa rangi. Mfadhili huja kwa hesabu zake. Na akija kuondoka, huondoka kwa hesabu zake pia.

Mwaka 2000 Sun iliufungua msimbo, na tarehe 13 Oktoba tovuti ya mradi ikawa hewani. Toleo la 1.0 likatoka Mei 2002. Kwa miaka kumi Sun ndiyo iliyolipa mishahara ya sehemu kubwa ya wahandisi, wengi wao wakiwa Hamburg. Bila pesa hiyo tusingekuwa na programu ya bure ya kuandikia barua na kupigia mahesabu yenye uwezo wa kusimama mbele ya Microsoft Office.

Na sisi Waswahili tulinufaika mapema. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliofanywa pamoja na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice: programu nzima ikiwa na menyu za Kiswahili. Aliyewahi kutafsiri programu anajua maana ya kazi hiyo. Kuna maelfu ya vijisentensi, kila kimoja hakina muktadha, na mfasiri anatakiwa aamue istilahi moja na kuishikilia kila mahali, toka kwenye menyu hadi kwenye ujumbe wa hitilafu. Watu wa Dar es Salaam waliifanya wakati ambapo wengi hapa nchini walikuwa hawajawahi kugusa kompyuta. Alama ya sw-TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania, iliingia kwenye msimbo wa mradi, na ukifungua hazina ya msimbo wa LibreOffice leo utaikuta pale, pamoja na kamusi ya kukagua tahajia yenye alama hiyohiyo.

Wakati OpenOffice.org ilipogawanyika, tafsiri hiyo haikupotea. Leseni iliilinda. Ilisafiri na msimbo kwenda nyumba mpya bila mtu wa Dar es Salaam kuomba ruhusa kwa yeyote. Hapa leseni huria zilifanya kazi yake sawasawa, nami nazisifu. Lakini jina ambalo vyuo vilikuwa vimelifundisha, lililoandikwa kwenye vitini na kwenye mihtasari ya mafunzo ya kompyuta, halikusafiri.

Jina lenyewe lilikuwa na mashaka tangu siku ya kwanza. Ile .org iliyogandana nalo ilitokana na ukweli kwamba OpenOffice ilikuwa tayari ni alama ya biashara ya watu wengine. Brazil mambo yalikuwa magumu zaidi: kampuni moja ya Rio de Janeiro ilikuwa na jina linalofanana, hivyo jamii ya Wabrazili ikalazimika kuiita programu hiyohiyo BrOffice.org. Alama ya biashara inafuata mipaka. Hata kwetu, aliyesajili alama yake BRELA kwa ajili ya Tanzania Bara hajalindwa Zanzibar mpaka akasajili na kule. Leseni ya programu huria inamfikia kila mtu duniani kwa masharti yaleyale, lakini jina linamilikiwa nchi kwa nchi, na daima lina mwenyewe.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo wachangiaji wengi hawakulitilia maanani. Sun haikupokea mchango wa mtu mpaka asaini mkataba wa kuipa Sun haki miliki ya pamoja juu ya msimbo wake. Mchangiaji alibaki na haki yake, lakini Sun nayo ikawa na haki kamili ya kuufanyia msimbo huo inavyotaka, ikiwa ni pamoja na kuutoa chini ya leseni nyingine. Watu walisaini kwa imani. Waliamini kampuni waliyoijua, wahandisi waliokuwa wakiandikiana nao kila siku. Mkataba, hata hivyo, haufungamani na wahandisi. Unafungamana na kampuni, na kampuni huuzwa.

Sun iliuzwa. Aprili 2009 Oracle ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 7.4, na Januari 2010 mauzo yakakamilika. Siku moja tu, na jina la OpenOffice.org, seva zake, na zile haki zote zilizosainiwa kwa Sun zikawa za mtu mwingine. Hakuna mchangiaji aliyepigishwa kura wala kuulizwa. Hakukuwa na sababu ya kisheria ya kumuuliza.

Jamii iliposhindwa kuelewa Oracle inataka nini, ikahama, kama nilivyosema. Oktoba 2010 upande wa Oracle uliwataka wajumbe wa baraza la jamii ya OpenOffice.org waliojiunga na taasisi mpya wajiuzulu, kwa hoja ya mgongano wa maslahi. Hebu fikiria: baraza hilo liliitwa la jamii, na walioambiwa watoke ni jamii yenyewe. Hapo ndipo ilipoonekana baraza lilikuwa la nani.

Walioondoka hawakuondoka mikono mitupu. Kampuni za Novell, Red Hat, Canonical na Google zilitamka kuwaunga mkono. LibreOffice 3.3 ilitoka Januari 2011, na mfumo endeshi wa Ubuntu, toleo la Aprili mwaka huo, ukaja nao badala ya OpenOffice. Ili kusajili taasisi Ujerumani walihitaji mtaji wa euro 50,000, wakawaomba watumiaji, na pesa hiyo ikapatikana ndani ya siku nane. Pesa nyingi ilikuwa michango midogo midogo ya watu wa kawaida. Kwangu hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika habari hii, kwa sababu inaonyesha watu wako tayari kulipia kitu ambacho wana hakika hakitauzwa.

Oracle nayo ilifikia mwisho wa hesabu zake. Aprili 2011 ikasema inaachana na biashara ya OpenOffice.org. Wengi tulitegemea kwamba sasa jina lingerudi kwa wenyewe. Tarehe 1 Juni 2011 Oracle ikalikabidhi jina, pamoja na msimbo, kwa Apache Software Foundation, huku IBM ikiunga mkono hatua hiyo. Na kwa kuwa wachangiaji walikuwa wamesaini ule mkataba wa miaka yote, Oracle iliweza kuutoa msimbo chini ya leseni ya Apache, tofauti na ile ambayo watu walichangia chini yake.

Apache ni taasisi ya heshima, haina mwenye hisa, wala haitafuti faida. Kwa karatasi, jina lilikuwa limefika mahali salama. Ila waliokuwa wakiitengeneza programu walikuwa wameshahamia kwingine, na leseni zikaweka mlango wa kupita upande mmoja tu: LibreOffice ingeweza kuchukua msimbo wa Apache, lakini Apache isingeweza kuchukua wa LibreOffice kwa masharti yake. Nyumba moja ikawa na jina, nyingine ikawa na mafundi.

Matokeo yake yanaonekana kwenye tarehe. Aprili 2015 ilitangazwa kasoro ya usalama kwenye sehemu inayosoma mafaili ya HWP ya Kikorea. LibreOffice walikuwa wamekwishaziba. Kwa watumiaji wa Apache OpenOffice, toleo lililoondoa kasoro hiyo, la 4.1.2, lilifika Oktoba. Mwaka 2016 kasoro nyingine ilitangazwa Julai, na toleo kamili la kuirekebisha likaja Oktoba. Septemba mwaka huohuo ndani ya Apache kwenyewe likawekwa mezani suala la jinsi mradi unavyoweza kufungwa, kwa sababu watu wa kufanya kazi hawakutosha. Haukufungwa. Oktoba 2020 Apache iliadhimisha miaka 20 ya OpenOffice na kusema kwamba programu yao imepakuliwa zaidi ya mara milioni 300, na siku hizohizo The Document Foundation ikaandika barua ya wazi ikiwaomba wawaambie watumiaji wao kwamba LibreOffice ipo.

Zaidi ya mara milioni 300. Hiyo ndiyo nguvu ya jina. Na ukitaka kuhifadhi kazi yako kama docx, muundo ambao ofisi nyingi zinautaka, Apache OpenOffice inaufungua lakini haiandiki kwa muundo huo. LibreOffice inaandika.

Mwalimu mmoja wa sekondari, mama mtu mzima anayetunga mitihani yake mwenyewe, aliniletea kompyuta mpakato nimwekee programu ya kuandikia. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Naomba uniwekee OpenOffice, ile tuliyofundishwa chuoni." Nikamwekea LibreOffice, nikamfungulia ukurasa mtupu, nikamwonyesha mahali pa kubadilisha herufi na pa kuweka jedwali. Akatazama jina pale juu ya dirisha, akanitazama mimi. "Fundi, umeniwekea feki?" Nikamwambia hapana mwalimu, ni ileile, waliokuwa wanaitengeneza wamehamia huku. "Sasa kama ni ileile, mbona wamebadilisha jina?" Tulikaa nikamsimulia habari ya Sun na Oracle, naye akaisikiliza hadi mwisho kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusahihisha insha. Akaridhika. Lakini mwalimu yule alikuwa na mtu wa kumwuliza. Wengi wanaandika OpenOffice kwenye Google, wanapakua kinachotokea, na hawajui kwamba palitokea mgogoro wowote.

Mtu wa kawaida hasomi leseni wala hafungui msimbo. Anaingia kwa jina. Anayelishika jina amelishika lango, na uhuru wote uliomo ndani ya leseni unamfikia mtumiaji pale tu anapopita lango sahihi. Ndiyo maana sikubaliani na wale wasemao kwamba mgawanyiko ni dawa tosha, kwamba mfadhili akiharibu basi watu wachukue msimbo na kuondoka. Wanaoondoka wanaanza upya kujulikana, na wanaobaki nyuma ni wale wasio na habari, ambao ndio walihitaji kulindwa kuliko wote.

Ni kweli kuna waliofaulu kuhama haraka. Mapema mwaka 2011, na mwenye jina akiwa Oracle huyohuyo, jamii ya Hudson, programu nyingine huria, ilipiga kura, 214 dhidi ya 14, ikajiita Jenkins, na leo Hudson haikumbukwi na wengi. Lakini Jenkins ni chombo cha wahandisi, na wahandisi walisoma habari hizo wiki ileile. Mwalimu wangu hakuzisoma.

Pwani yetu ina utaratibu wa zamani unaonisaidia kulielewa jambo hili: wakfu. Nyumba au shamba likishawekwa wakfu haliuzwi, halirithiwi, wala halitolewi zawadi. Aliyeliweka anaweza kuwa tajiri mkubwa, akasifiwa na kuombewa dua, lakini kesho akifilisika wadai wake hawaligusi. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa kazi hiyo ya usimamizi. Waanzilishi wa LibreOffice walikitafuta kitu cha namna hiyo katika sheria ya Kijerumani, wakasajili taasisi yao Berlin Februari 2012 kama Stiftung, aina ya taasisi iliyo ngumu sana kuivunja au kuigeuza lengo lake. Alama ya biashara ya LibreOffice imo humo. Kanuni zao pia zinazuia waajiriwa wa kampuni moja kujaza viti vya bodi. Kwa mchangiaji, hakuna mkataba wa kumkabidhi mtu haki miliki: unatamka tu kwamba mchango wako uko chini ya leseni zao, na haki inabaki yako.

Lakini wakfu unategemea msimamizi, na hapo ndipo WordPress inapoingia. Blogu nyingi za Kiswahili zinaendeshwa kwa WordPress, kwa hiyo hili linatuhusu. Mwaka 2010 kampuni ya Automattic iliikabidhi alama ya WordPress kwa WordPress Foundation, na watu wakapongeza. Taasisi hiyo ikairudishia Automattic leseni ya kulitumia jina kibiashara, na Matt Mullenweg, mkuu wa Automattic, akawa pia kwenye bodi ya taasisi. Septemba 2024 ulipozuka ugomvi kati yake na kampuni ya WP Engine, akidai kwamba inavuna kupitia jina hilo bila kuchangia vya kutosha, WP Engine ilifungiwa kutumia huduma za WordPress.org. Oktoba programu-jalizi yao, yaani programu ndogo ya nyongeza, iliyotumiwa na tovuti nyingi ilichukuliwa pale kwenye hazina na kupewa jina jipya. Desemba mahakama ya Marekani ikaamuru kwa muda WP Engine irudishiwe ufikiaji wake. Malalamiko kuhusu kampuni zinazochuma bila kupanda nayaelewa, na yana haki ndani yake. Lakini msimamizi wa mali ya umma hapaswi kuwa mfanyabiashara anayeshindana na wapangaji wake.

Wapo wanaoona dawa ni kuachana kabisa na alama za biashara, kila mtu alitumie jina apendavyo. Siungi mkono. Jina lisilo na mlinzi huokotwa na matapeli, na tovuti zilizotoza watu pesa kwa OpenOffice ya bure zilikuwepo. Ulinzi una gharama zake: mwaka 2006 mradi wa mfumo endeshi wa Debian ulibidi uibadilishe jina Firefox, kivinjari cha Mozilla, ukaiita Iceweasel, kwa sababu Mozilla ilitaka kuidhinisha mabadiliko yoyote yanayobeba jina lake, na ilichukua takriban miaka kumi kulirudisha. Usumbufu huo nauvumilia, maana aliyekuwa analilinda jina alikuwa taasisi isiyo ya faida yenye sababu inayoeleweka.

Hata LibreOffice haijamaliza mvutano wake. Kazi kubwa ya msimbo hufanywa na kampuni kama Collabora, na kampuni hizo zinahitaji wateja wanaolipa. Julai 2020, toleo la majaribio la 7.0 lilipoonekana na maandishi ya "Personal Edition", watumiaji walishtuka wakidhani uhuru wao unapunguzwa. Bodi ikasikiliza, maandishi yakaondolewa, na toleo la 7.1 likaja na neno "Community" ili mashirika makubwa yajue kwamba msaada wa kulipia uko kwa kampuni. Mwaka huohuo Collabora ikaihamishia kazi yake ya toleo la mtandaoni kwenye hazina yake yenyewe. Yaliumiza watu, na majadiliano yalikuwa makali. Tofauti ninayoiona ni kwamba yalijadiliwa hadharani, na jina halikuondoka na aliyeondoka.

Wanaotafsiri programu kwa Kiswahili sasa ni wengi kuliko enzi za Jambo OpenOffice, na mara nyingi wanaofadhili warsha zao ni kampuni kubwa. Nawaomba wachukue pesa hizo, na kabla ya kusaini wasome ule mkataba wa wachangiaji hadi ukurasa wa mwisho, kisha waulize jina la mradi limesajiliwa kwa nani. Tafsiri ya LibreOffice ya sw-TZ inafanyika kupitia Weblate, tovuti ya kutafsiria, ya The Document Foundation, na bado ina sehemu nyingi zinazohitaji mtu. Akaunti ni ya bure, na anayeingia na simu tu anaweza kuanza na vijisentensi vya menyu leo jioni.